Nimekariri wanafalsafa 40, swali moja la baba limenishinda

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 23, nasoma shahada ya falsafa katika chuo kimoja hapa Dodoma na nimemaliza mwaka wa pili. Nyumbani ni Mpunguzi. Baba analima zabibu, ekari moja na nusu, na ndizo zinazonisomesha maana mkopo wa Bodi unafunika sehemu tu ya ada. Kusema kweli falsafa haikuwa chaguo langu la kwanza. Niliomba sheria, nikakosa, nikachaguliwa huku, kisha taratibu nikaipenda.

Mwezi uliopita ndugu walikaa nyumbani kupanga ada ya mwaka wa tatu. Baba mkubwa akaniuliza mbele ya wote, "Hivi hiyo falsafa ni ya nini hasa?" Nikaanza: falsafa ni neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake upendo wa hekima. Sikumaliza. Baba akadakia, "Hekima hata bibi yako anayo, na hajalipa ada hata siku moja." Watu wakacheka, na bibi mwenyewe akacheka. Nikainuka nikaenda kuosha vyombo. Kicheko kile ningekisahau, ila kule jikoni nilijitafutia jibu langu mwenyewe, la siri, nikalikosa.

Nina daftari la kozi ya historia ya falsafa. Lina majina zaidi ya 40, kuanzia Thales hadi Sartre, kila mmoja na mwaka wa kuzaliwa, wa kufa, na mistari mitatu ya alichosema. "Descartes: alisema nafikiri, kwa hiyo nipo." "Hume: alikataa sababu na matokeo." Nililikariri lote pamoja na madesa, yaani muhtasari wa masomo, ya wenzangu, nikapata B+. Wiki mbili baada ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, mwenzangu wa chumbani, anayesoma uuguzi, akaniuliza huyo Hume alikataaje kitu ambacho kila mtu anakiona kwa macho. Nikamsomea ile mistari mitatu. Akauliza tena. Sikuwa na mstari wa nne.

Walimu nao wamenivuruga. Mmoja anasema huwezi kufikiri kabla hujawajua waliofikiri kabla yako, kwa hiyo tusome kwa mfuatano bila kuruka mtu, na tasnifu yangu niandike juu ya Zera Yacob wa Ethiopia. Mwingine anasema hao wote ni marehemu, tuwaache wapumzike, nichukue swali la leo kama haki katika ardhi nilifikirie mwenyewe. Jina la mada linatakiwa wiki ya kwanza ya muhula.

Baba hajanilazimisha. Amesema mwaka wa tatu atalipa nikimweleza kwa maneno yanayoeleweka ninasomea nini. Nisipoweza, bora niache nikaanze ualimu mapema. Nipo nyumbani likizo yote hadi mavuno yaishe. Naomba unisaidie, Mama: falsafa ni ya nini, historia yake inasomwaje, na je, niendelee au niache?

Binti wa Zabibu, Mpunguzi

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimeona umetia maswali matatu kwenye tenga moja. Kuna swali la baba mkubwa: ni ya nini. Kuna la daftari: mbona nimesoma na sikuelewa. Na kuna la pesa na maisha, ambalo nadhani ndilo baba yako analiuliza akitumia maneno ya lile la kwanza. Ukiyajibu kwa mkupuo yatakushinda yote.

Nianze na kicheko. Umechukulia kwamba baba alikukejeli, na kwamba kunyamaza kwako kulionyesha hukuwa na kitu. Sina hakika na yote mawili. Uliulizwa kazi ya jembe, ukaanza kueleza jina la jembe lilitoka lugha gani. Mkulima yeyote angekukatiza. Halafu hebu itazame sentensi aliyoisema: hekima hata bibi yako anayo. Hiyo ni hoja, tena yenye historia. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliishughulikia kuanzia miaka ya 1970. Alikwenda vijijini Kenya kuzungumza na wazee waliosifika kwa busara, akawatenga wa aina mbili. Wapo wanaoyajua vizuri mafunzo ya jamii yao na kuyatoa kwa ufasaha. Na wapo wanaoweza kusimama kando ya mafunzo hayohayo, wakauliza kama ni kweli, wakatoa sababu zao. Wote aliwaita wenye hekima, lakini wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Sasa bibi yako ni yupi? Sijui, na pengine wewe pia hujawahi kumuuliza kwa namna ya kujua. Likizo unayo.

Kwa baba nakushauri uache maelezo kwa sasa, umwonyeshe. Jioni moja shambani chukua fimbo, chora chini mraba wenye upande wa hatua 2. Eneo lake ni 4. Mwambie: nataka kiwanja cha mraba chenye eneo mara mbili ya hiki, yaani 8, upande wake uwe hatua ngapi? Wengi husema 4. Chora, mhesabu pamoja: limekuwa 16, mara nne. Basi 3? Chora tena: 9, bado limezidi. Hapo mtu hukwama, na hapo ndipo pa kukaa kidogo bila kusaidia. Kisha rudi kwenye ule mraba wa 16, ugawe katika miraba minne ya 4, na kila mmoja uukate kwa ulalo, yaani mstari wa kutoka kona hadi kona, ile milalo minne ikutane ifanye mraba wa ndani. Kila nusu ni 2, nusu ziko nne, jumla 8. Upande uliotafutwa ni ulalo wa mraba wa kwanza.

Mazungumzo hayo Plato aliyaandika karne ya 4 kabla ya Kristo katika *Meno*, Socrates akimhoji kijana mtumwa ambaye hajasoma hesabu. Kabla ya kuendelea na ulalo, Socrates anamgeukia bwana wa yule kijana na kuuliza: huyu aliyekuwa na uhakika wa uongo, sasa anajua kwamba hajui, je, tumemdhuru? Baba yako akikwama kwenye 3, muulize hilohilo. Atakuwa ameiona falsafa ikifanya kazi, na ada utaizungumza baadaye ukiwa na kitu cha kuonyesha.

Angalia yanayoweza kuharibika. Baba anaweza kuwa anajua jibu, maana wapo mafundi na wapima mashamba wanaotumia ulalo kila siku. Hapo usikate tamaa, muulize amejuaje kwamba ni 8 kamili na si karibu na 8. Jingine: ukimwongoza mno atakubali tu ili mrudi nyumbani. Kosa hilo hata Socrates amelaumiwa nalo, kwamba maswali yake yalikuwa yameshabeba majibu. Na Plato mwenyewe alitoa kwenye mraba ule hitimisho zito, kwamba roho inakumbuka ilichojua kabla ya kuzaliwa, jambo ambalo mraba peke yake hauthibitishi. Tena hakuna mtu katika mazungumzo yale anayeuliza kwa nini kijana mwenye akili vile ni mtumwa. Weka alama pembeni, hilo ni swali lako wewe msomaji wa leo.

Sasa tuje kwenye daftari, ambako nitakawia kidogo.

Umeandika majibu, ukatupa maswali. R. G. Collingwood, Mwingereza, aliandika mwaka 1939 kwamba huwezi kujua mtu amemaanisha nini kwa sentensi yake mpaka ujue sentensi ile ilikuwa jibu la swali gani. Mchukue Hume wako. Mwaka 1748 anatutazamisha mipira ya biliadi: mmoja unakwenda, unaugonga mwingine, wa pili unaondoka. Umeona mwendo wa kwanza, umeona mwendo wa pili. Je, ule ulazima, kwamba wa pili *lazima* uondoke, umeuona wapi? Hauko kwenye mpira wa kwanza wala wa pili. Jibu lake ni kwamba tumezoea. Kurudiarudia kumetujengea matarajio. Kwa hiyo hakukana kwamba moto unachoma au dawa inatibu. Aliuliza wazo la ulazima tumelipata wapi. "Alikataa sababu na matokeo" si muhtasari wa hoja hiyo, ni kosa, na mwenzako wa uuguzi alilinusa. Mshukuru.

Namna ya kusoma itakayokupa huo mstari wa nne ni ya polepole. Chagua kurasa tatu au nne za mwanafalsafa mwenyewe, wala si za kitabu kinachomweleza. Siku ya kwanza zisome bila kalamu. Kisha zipe aya namba, na kwa kila aya andika neno moja la kazi inayofanya: dai, sababu, mfano, pingamizi, jibu la pingamizi. Utashangaa ni aya ngapi ulizokuwa ukizichukua kuwa maneno ya mwandishi, kumbe anamsemea mpinzani wake. Baada ya hapo andika kwa Kiswahili, sentensi moja, swali ambalo kurasa hizo zinajibu. Siku ya pili, kitabu kikiwa kimefungwa, ieleze hoja kwa sauti, kisha taja mahali ambapo wewe ungeisukuma ianguke. Ukishindwa kueleza, rudi kwenye aya iliyokukatikia tu. Hesabu saa tatu kwa kurasa nne. Ni kazi, na ndiyo maana majina 40 kwa muhula mmoja hayawezekani kwa njia hii. Matano au sita yanawezekana. Wengi huvunjika kwa kuanzia peke yao na Kant, Mjerumani mgumu kusomeka, ukurasa wa kwanza, au kwa kuanza na desa, maana ukishaambiwa mtu alisema nini, macho yanakwenda kutafuta hilo tu.

Nimesema kwa Kiswahili, na nina sababu. Rudi kwa Descartes. "Nafikiri, kwa hiyo nipo." Litazame hilo *nipo*. Kuna -po ndani yake, ileile ya *hapo*, ya mahali. Sema *niko*, bado ni mahali. *Nimo*, ndani ya mahali. Hata *uwepo* unaoandika kwenye mitihani umeibeba. Lakini Descartes, katika tafakuri ya pili ya mwaka 1641, ameshatilia shaka mwili wake, ardhi, na mahali penyewe. Tumempa kwa tafsiri kitu alichojinyima. Alexis Kagame wa Rwanda alilitambua hilo: katika lugha za Kibantu "kuwa" hudai ufuatiwe na mahali au sifa. Je, tafsiri ndiyo imeshindwa, au Kilatini na Kifaransa vilimruhusu adhani amesema kitu kamili? Usikimbilie kuchagua. Mtu atakujibu kwamba tunasema "Mungu yupo" na hakuna anayeuliza wapi, kwa hiyo -po imeshapoteza mahali pake; nalo ni pingamizi zuri. Iandike sentensi ile kwa Kigogo cha bibi yako, umuulize inasikikaje. Pengine hapo ndipo utajua bibi ni yupi kati ya wale wa Oruka.

Hapa naona hata walimu wako wanaweza kukaa meza moja, ingawa sitaki kuwasemea. Mwaka 1643 Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia, alimwandikia Descartes: kama roho haina umbo wala haichukui nafasi, inausukumaje mwili? Mwaka 1734, kule Wittenberg, Ujerumani, Anton Wilhelm Amo, aliyezaliwa Axim katika Ghana ya leo, alitoa tasnifu akidai kwamba akili haihisi, kuhisi ni kwa mwili. Humo ananukuu barua ya Descartes kwa Elisabeth na kuipinga. Watu watatu, swali moja, chini ya miaka 100. Hiyo ni historia, na ni swali hai. Ukiisoma kama uzi, mwaka wa kuzaliwa wa mtu unakuwa na kazi: unakuambia nani angeweza kumjibu nani.

Mwalimu wa kwanza analinda jambo la kweli. Msomaji asiyejua historia humtia Plato maneno ya leo. Anaposoma lawama zake juu ya demokrasia huona masanduku ya kura, wakati Athens ilitoa nyadhifa nyingi kwa bahati nasibu, na wanawake, watumwa na wageni hawakuwamo. Lakini mfuatano nao una mtego wake, kwa sababu unageuza historia kuwa ngazi. Aristotle, tunayemtegemea sana kumjua Thales ambaye maandishi yake hatunayo, aliwapanga waliomtangulia kama watu waliokuwa wakibabaika kuelekea kwenye visababu vyake vinne vya kila kitu: kimetokana na nini, kina umbo gani, nani amekifanya, na ni cha nini. Kila anayepanga foleni anajua nani atasimama mwisho wake. Mwalimu wa pili naye yuko sahihi kwamba marehemu hawatafikiri badala yako. Ila ukifikiri bila wao unaweza kutumia mwaka mzima kuvumbua hoja iliyokwisha kujibiwa.

Kuhusu mada, zipime kwa gharama. Zera Yacob ana swali la mlangoni. Kitabu chake cha Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, kiitwacho *Hatata*, huwekwa mwaka 1667. Mwaka 1920 msomi Mwitaliano Carlo Conti Rossini alidai kimetungwa na mmisionari Mwitaliano wa karne ya 19, Giusto da Urbino, na baadaye msomi mwingine, Claude Sumner, akatetea kwa nguvu kwamba ni cha Mwethiopia. Ukikichagua, unaweza kumaliza kurasa zote ukibishana nani aliandika. Au unaweza kuuliza jambo dogo zaidi: hoja zilizomo zinabadilika nini mwandishi akibadilika? Haki katika ardhi ina hatari ya kinyume: ni pana kama mbuga ya Bahi, na usipochukua hoja moja ya mtu mmoja utaandika hotuba. Ipo njia nyingine ambayo hukuitaja. Mwalimu Nyerere, akiwa mwanafunzi Makerere miaka ya 1940, alisoma kitabu cha John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza, cha mwaka 1869 juu ya kutawaliwa kwa wanawake, akaandika insha akiliuliza swali lile kwa wanawake wa jamii yake. Maandishi ya zamani, swali la nyumbani. Nayo ina hatari, kwamba uyatumie maneno ya Mill kama muhuri bila kupima kama yanaingia kwetu.

Falsafa ni ya nini, basi? Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1912 aliona thamani yake iko kwenye maswali yenyewe, kwamba yanapanua tunachoweza kukifikiria na kupunguza uhakika wa mazoea. Jibu hilo linanivutia, lakini naona lilivyo rahisi kwa asiyedaiwa ada. Wengine watakuambia inanoa akili kwa ajili ya sheria au utawala. Ni kweli kiasi, ingawa ukisema hivyo baba atauliza mbona usiende moja kwa moja huko. Labda usimpe jibu la watu wote. Mpe la kwako, hata likiwa dogo, baada ya mraba na baada ya saa zako tatu za kwanza na Hume.

La kuendelea au kuacha siwezi kukuamulia, ila usilipime gizani. Falsafa si miongoni mwa masomo ya kawaida ya kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa hiyo kama ualimu umo kichwani uliza sasa utahitaji somo gani la kufundishia na kozi gani ya nyongeza. Mkopo uliokwisha kuupokea unabaki deni ukihitimu na usipohitimu. Na kati ya kubaki na kuacha kuna kuahirisha masomo. Liombwe kwa barua na lijibiwe kwa barua, maana anayepotea kimyakimya hupata tabu kurudi. Muulize baba pia swali ambalo hukuliandika: anaogopa ada ya mwaka mmoja, au anaogopa miaka ya baada yake? Huenda zabibu zimeuzwa vibaya na hataki kukuambia.

Daftari lako usilichome. Acha ukurasa wa kushoto wa kila jina, uandike humo swali pale utakapolipata. Mengi yatabaki meupe, hata kwa waliosoma miaka mingi.

Tuandikie baada ya mavuno. Na utuambie baba alianza na hatua ngapi.

Mama Mshauri